Tangi la bahari limegeuka Ziwa Tanganyika

Kubadilisha akwariamu ya maji chumvi iwe ya maji baridi watu wengi wanaichukulia kirahisi sana, unamwaga maji ya bahari, unajaza ya bomba, jioni samaki wako ndani. Hapana jamani. Kinachobaki kile kile ni kioo, stendi yake na mchanga, vingine karibu vyote kuanzia bakteria wa kwenye filta mpaka mwanga wa taa vinaanza upya, na kiukweli hapo ndo panaponifurahisha mimi kwenye hii kazi. Nimeifanya hapa Dar, taratibu, bila kukimbizana na mtu, na nataka niiandike yote ilivyo maana najua kuna wenzangu wana matangi ya bahari yamewachosha na wanawaza kuuza. Kabla hujauza soma kwanza.

Tangi langu ni la futi tano, linaingia lita kama 400. Kwa miaka lilikuwa bahari ya sebuleni, matumbawe laini yanacheza na mkondo, wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wamejibanza kwenye anemoni yao (yule kiumbe laini wa baharini anayefanana na ua), kamba wa kusafisha samaki wenzake yuko juu ya jiwe anasubiri wateja. Maji nilikuwa nachota baharini kabisa, nasubiri yajae, tena nikipata bamvua ndo vizuri zaidi maana maji mapya yanaingia kwa nguvu kutoka nje, najaza madumu, kirikuu inapakia, tunashusha nyumbani. Raha yake ilikuwepo, siwezi kuikana. Ila matumbawe hayasubiri mtu. Umeme ukikatika usiku pampu zinasimama, maji ya moto ya Dar yanashika oksijeni kidogo, na ukiwa safarini wiki nzima hakuna wa kumpigia simu umwambie angalia chumvi imefika ngapi, ongeza maji, safisha skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa mapovu. Na mimi kazi ikaanza kunisafirisha.

Safari zenyewe zikawa za Kigoma, na Kigoma ndo iliyonimaliza.

Ukifika Jakobsen, ile fukwe ya upande wa Katonga, vaa miwani ya kuzamia uingize uso majini tu, hata kiunoni maji hayajafika. Mawe yote yana wenyewe. Kuna samaki mweusi mwenye mkanda wa rangi anakwangua mwani kwenye jiwe kwa mdomo uliokaa chini chini, mwingine mwembamba mrefu mwenye mistari anapita kwenye upenyo akiwa kageuza tumbo lifuate jiwe, yaani kama jiwe liko juu yake na yeye anaogelea kichwa chini miguu juu, na ukisogeza mkono wanaingia mapangoni halafu baada ya muda mfupi wanatoka kukuangalia wewe. Nimezamia Mbudya na Bongoyo mara nyingi, napapenda, lakini hiki cha Kigoma kilinishika kwa namna nyingine, maana unakunywa maji yale yale unayoogelea na bado unaona rangi za baharini.

Ziwa lenyewe sio la kawaida. Urefu wake ni kama kilomita 670, kina kinafika mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na limegawanywa kwa nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Umri wake unakadiriwa miaka milioni 9 mpaka 12, na kwa muda wote huo samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu zake perege na sato na furu wa Ziwa Victoria, wamejigawa mpaka zimefika spishi zaidi ya 200, karibu zote hazipatikani sehemu nyingine yoyote. Wafugaji wa Ujerumani, Japani na Marekani wanawajua hawa samaki vizuri mno. Frontosa mwenye mistari saba ukimtaja kwa mfugaji wa Ulaya atakwambia huyo ni "Kigoma", jina la mji wetu limekuwa jina la samaki kwenye maduka ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanzania. Kuna samaki mwingine mzuri ana mapezi marefu yenye ncha nyeupe, jina lake la kisayansi ni Neolamprologus brichardi, kapewa kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa anasafirisha samaki wa ziwa hili kutoka Bujumbura. Sisi wenyewe ukiingia duka la samaki wa mapambo Dar utakuta goldifishi, na hao asili yao ni China. Hili linaniuma na ndo maana naandika kwa kirefu.

Sasa tuje kwenye hoja yangu kubwa. Ukiwa na tangi la bahari, una mchanga wa matumbawe na mawe ya matumbawe. Vyote hivyo ni kalsiamu kaboneti. Watu wakihamia maji baridi wanakimbilia samaki wa Amazon, neon na diskasi na majani mengi, na wale wanataka maji laini yenye asidi kidogo, kwa hiyo unalazimika kutupa mchanga wote na mawe yote uanze kununua magogo na udongo maalumu. Wakati maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) ya 8.6 mpaka 9 na ushee, juu kuliko hata bahari ambayo iko kwenye 8.1 au 8.2. Ziwa Nyasa nalo liko 7.7 mpaka 8.6 hivi. Yaani ule mchanga uliokuwa unasaidia bahari yako ndo huo huo samaki wa maziwa yetu wanautaka. Umeshaulipia, uko ndani ya nyumba, unautupa wa nini?

Tuelewane lakini, mchanga wa matumbawe peke yake haukupeleki kwenye 9. Unayeyuka pale maji yanapoanza kushuka kuelekea asidi, unayazuia yasianguke, unakuacha kwenye 8 na kidogo. Kupanda zaidi ya hapo unaongeza mwenyewe, nitafika huko.

Kwanza wenyeji wa bahari. Samaki wa maji chumvi huwezi kumzoesha maji baridi kidogo kidogo ukidhani atakubali, mwili wake umejengwa kwa kazi nyingine. Baharini maji yanamtoka samaki muda wote kwa sababu nje kuna chumvi nyingi kuliko ndani yake, kwa hiyo anakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia mashavu, mkojo kidogo sana. Wa maji baridi ni kinyume, maji yanamwingia bila kualikwa, yeye hanywi, anakojoa maji mengi mchana na usiku, na mashavu yake yanafanya kazi ya kukamata chumvi chache zilizopo. Wapo wanaoweza pande zote mbili, mwatiko anafugwa pwani kwenye mabwawa ambayo chumvi yake inapanda na kushuka, baadhi ya perege pia wanavumilia, ila huyo wa chungwa na anemoni yake hawamo kwenye hiyo orodha na tumbawe ndo kabisa.

Kwa hiyo unatafuta nyumba mpya kwa kila kiumbe kabla hujagusa bomba la kutolea maji. Mimi nilimpata jamaa wa Kigamboni mwenye tangi kubwa la bahari lililokomaa, akachukua samaki, anemoni, kamba, matumbawe, na mawe yote yaliyokuwa hai. Nasisitiza mawe hai kwa sababu jiwe la tangi la bahari sio jiwe tu, ndani yake kuna minyoo, kaa wadogo, nyota wa bahari wembamba, sponji, viumbe mamia. Ukilichomoa na kulitumbukiza kwenye maji baridi unawaua wote kwa mara moja, utawaona wanatoka kwenye vitundu wanajinyonganyonga, na baadaye kile kilichofia ndani kinaoza na kukuchafulia maji kwa wiki na wiki. Mpe mtu likiwa limelowa, kwenye ndoo ya maji ya bahari, liendelee kuishi. Mimi nilibaki na yale niliyokuwa nayo stoo makavu toka zamani.

Na usiwaachie baharini wala mtoni, hata kama uliwatoa hapo hapo pwani. Samaki aliyekaa kwenye tangi na wa kutoka sehemu mbalimbali anabeba magonjwa. Kule Florida alionekana toka miaka ya 1980 yule samaki mwenye miiba ya sumu aliyejaa mistari (lionfish), wa asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, baadaye akasambaa mpaka visiwa vya Karibi, na inaaminika alifika huko kupitia wafugaji waliomwachia. Sisi wenyewe tuna sangara, aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ilipofika miaka ya 1980 akawa amejaa ziwa zima na furu wa aina nyingi sana wakapotea. Nchi yenye historia hiyo haihitaji kukumbushwa mara mbili.

Halafu chumvi. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo lita 400 zina kilo 14 za chumvi zimeyeyuka humo ndani, jaribu kuupiga picha mfuko wa kilo 14. Ukimwaga maji ukabakisha lita 20 tu chini ya mchanga, hapo umeacha gramu 700. Na chumvi inajificha hasa, kwenye mchanga, kwenye bomba la kushukia maji, ndani ya kichwa cha pampu, kwenye mpira wa filta, juu kwenye ukingo wa kioo imeganda nyeupe, chini ya mfuniko, hadi kwenye waya wa taa. Nilitoa mchanga wote nikaukosha kwa mafungu kwenye ndoo, mpira wa maji unaingia chini, unakoroga kwa mkono, maji ya kahawia yanamwagika, unarudia mpaka yatoke meupe. Kioo nikakipangusa kwa siki, ile mwani ngumu ya rangi ya zambarau iliyoganda kama rangi ya ukutani inalainika kwa siki na inatoka kwa wembe. Usitumie wembe kwenye kona zenye silikoni, hapo tumia kadi ya plastiki. Pampu zote zikafunguliwa zikalala kwenye siki na maji usiku kucha. Halafu nikajaza tangi zima maji ya bomba, nikawasha kila kitu lizunguke siku nzima, nikapima kwa kile kipimo cha chumvi cha zamani, nikamwaga, nikajaza tena. Maji ya mwanzo bado yalionja chumvi kidogo ukigusa kwa ulimi, ya pili hayakuwa na kitu.

Maji ya bahari unayomwaga usiyapeleke kwenye mchicha wala kwenye bustani yoyote, utakausha udongo wako. Mnazi unavumilia, mgomba hauvumilii.

Kitu kingine cha kuuliza mapema, hasa kama tangi umenunua kwa mtu: liliwahi kuwekwa dawa ya shaba? Wafugaji wa bahari wanatumia dawa zenye shaba kutibu madoadoa meupe, na shaba inashika kwenye mawe ya chokaa na mchanga inakaa humo muda mrefu. Samaki wakubwa wanaweza wasijali ila konokono na kamba wanakufa. Kama jibu ni ndiyo, mawe na mchanga huo acha, kokoto za chokaa hapa Dar hazina shida, ile ya Kunduchi ni matumbawe ya kale kabisa yaliyogeuka mwamba, na pwani yote kuanzia Kilwa mpaka Mji Mkongwe watu wamejengea nyumba mawe ya aina hiyo. Chagua mapande yenye matundu, sugua, chemsha madogo, makubwa anika juani.

Mawe yangu ya stoo niliyaloweka kwenye pipa na jiki, nikayasuuza, nikayaanika juu ya bati kwenye jua la Januari. Jua la Dar lile halina mchezo. Likishakauka unalinusa, jiwe safi halina harufu, likiwa na harufu ya ufukweni wakati wa maji kupwa basi bado kuna kitu kinaoza ndani, rudisha kwenye pipa.

Vifaa sasa. Skima inaondoka, haina kazi kwenye maji baridi. Inafanya kazi kwenye bahari kwa sababu chumvi inafanya mapovu yawe madogo madogo na yakae muda mrefu, uchafu unanata kwenye mapovu unapanda nayo. Kwenye maji baridi mapovu yanaungana yanakuwa makubwa yanakimbia juu matupu. Niliiuza. Sampu, lile tangi dogo la pembeni maji yanapopita kuchujwa, nikaiacha, ile chemba ya skima nikaijaza sponji nene na vipande vya kauri vya kukaa bakteria, na nakushauri kama una sampu usiifute hata siku moja, inaongeza ujazo wa maji na inaficha vifaa vyote. Pampu ya mkondo nilikuwa nazo mbili nikabakisha moja kwa spidi ya chini, maana samaki wa kwenye miamba ya Tanganyika wamezoea mawimbi na maji yenye oksijeni ya kutosha. Hita haina kazi Dar. Feni ndo ina kazi, feni ndogo inayopuliza juu ya maji miezi ya joto inashusha nyuzi mbili tatu, ziwani ni kama nyuzi 24 mpaka 28 na tangi la sebuleni Februari linapita 30 bila kuuliza.

Taa ya matumbawe ni ya bluu kali. Ukiiacha hivyo utapata mwani wa kijani kila kona, kwa hiyo nikashusha bluu karibu yote, nikapandisha nyeupe kidogo, saa chache kwa siku. Mwani mfupi juu ya mawe lakini naupenda na siufuti, samaki wengi wa huko ndo chakula chao, na mimi nataka liwe ziwa sio duka la vioo.

Hapa kwenye bakteria ndo watu wengi wanaua samaki, naomba usome polepole. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti na kisha nitrati wapo kwenye kila filta iliyokomaa, ila wale wa bahari sio wale wa maji baridi. Sponji yako ya bahari yenye umri wa miaka ukiisuuza na kuiweka kwenye maji baridi haikupi kitu, wengi wanakufa na maiti zao zinakuwa amonia nyingine. Kwa hiyo tangi ni jipya hata kama unalo muongo mzima. Na ukishachagua Tanganyika hatari inaongezeka, kwa sababu amonia inakuwa na sura mbili majini, moja haina madhara makubwa na nyingine ni sumu, na kinachoamua ni pH. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7 ile ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 inakuwa kama asilimia 5. pH ikiwa 9 inapita theluthi. Soma tena hiyo. Amonia ile ile ambayo goldifishi wa jirani anaivumilia kwenye maji laini, kwako inachoma mashavu ya samaki ndani ya siku moja.

Kwa hiyo unakomaza tangi bila samaki. Mwenye amonia safi isiyo na sabuni anaweka mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, asiye nayo anachukua kamba mbichi mmoja kutoka Feri anamfunga kwenye soksi anamwacha aoze humo, sio kazi ya kupendeza ila inafanya kazi. Kinachoharakisha kuliko vyote ni sponji chafu kutoka kwenye filta ya maji baridi iliyokomaa, yangu nilipewa na jamaa anayefuga goldifishi, nikaikamulia ndani ya sampu, maji yakawa ya tope kama chai ya maziwa, mke wangu akaangalia akaondoka bila kusema neno. Unapima, amonia inapanda inashuka, nitriti inapanda inashuka, nitrati inabaki. Inaweza kuchukua wiki 4 mpaka 6 na hamna njia ya kuidanganya. Siku amonia na nitriti zote zinasoma sifuri ndani ya saa 24 baada ya kuweka dozi, hapo ndo unaanza kufikiria samaki.

Maji yenyewe. Ya bomba yana klorini, inaua hao bakteria uliowasubiri wiki zote, tumia dawa ya kuondoa klorini au jaza simtanki uache wazi siku mbili ukiwa na pampu ya hewa ndani. Ya kisima ya ukanda wa pwani mara nyingi ni magumu na yana chumvi kiasi, wenye kufuga diskasi wanayalaani, sisi wa Tanganyika tunayapima kwanza halafu tunayachanganya na ya bomba kwa furaha. Kupandisha pH zaidi kuna mchanganyo unaotumika sana na wafugaji wa maziwa yetu, kwa kila lita 20 kijiko cha chai kimoja cha baking soda na kijiko cha chakula kimoja cha chumvi ya Epsom kwa ajili ya magnesiamu. Yeyusha nje kwenye ndoo, ongeza kwa siku kadhaa, sio kwa mara moja. pH inayotulia kwenye 8.4 ni bora mara mia kuliko inayofika 9 leo na 8.2 kesho.

Samaki niliwapata kwa mtu wa Kigoma mwenye vibali vyake vya uvuvi, wakaja kwa ndege kwenye maboksi ya foam, kila mfuko maji kidogo na oksijeni nyingi. Nilianza na wadogo kabisa, Neolamprologus multifasciatus, dume hafiki hata sentimita 5 na jike ni mdogo kuliko hapo. Hawa wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Ziwani kuna konokono anaitwa Neothauma, hapatikani popote nje ya ziwa hilo, akifa kombe lake linabaki chini, na sehemu nyingine makombe yamerundikana yakafanya uwanja mzima, samaki wameugeuza mtaa. Mimi makombe nilitumia ya konokono wakubwa wa bustanini, wale wanaokula mipapai yetu kipindi cha masika, nikachagua ya wadogo wenye mdomo wa kutosha kidole, nikachemsha, nikasugua, nikayapanga kwenye mchanga upande wa kushoto. Mchanga ule ule uliokuwa bahari.

Na hapa nataka nikae kidogo. Jike anapopata kombe haridhiki nalo lilivyo. Anazama mdomo kwenye mchanga, anajaza mashavu, anasogea upana wa viganja viwili, anatema, anarudi. Anafanya hivyo mfululizo, pale chini ya kombe panakuwa shimo, kombe linazama, linainama, mdomo wake unageuka ukaangalia juu, na yeye anaendelea mpaka kombe lote limezikwa umebaki mlango tu, halafu anaingia kinyumenyume, kichwa nje, macho ya bluu yanakuangalia. Nilipanga makombe yangu vizuri kwa mstari, walivyomaliza nusu ya tangi ilikuwa na vilima na mashimo, kioo cha chini kinaonekana sehemu mbili. Dume akipita, wa jirani anatoka, mapezi yamesimama, wanasimamishana bila kugusana, kila mmoja anarudi kwake. Siku moja kwenye mlango mmoja nikaona kitu kama uzi kinatikisika, kuangalia vizuri ni watoto, wadogo kuliko punje ya mchele, na wale wakubwa kaka na dada zao waliwaacha hapo hapo bila kuwafukuza. Familia inakaa pamoja, kizazi juu ya kizazi. Kwenye tangi la bahari sikuwahi kuzalisha kitu zaidi ya mayai ya samaki wa anemoni ambayo yaliliwa, hapa nina mtaa unaoongezeka wenyewe.

Upande wa kulia nilirundika mawe mpaka karibu na juu, pale wapo Julidochromis wenye mistari, jozi moja, wameshika pango lao hawataki mtu. Juu katikati pana uwazi, hapo niliweka kundi la Cyprichromis, samaki wembamba wa kuogelea pamoja, dume ana mkia wa njano, jike anabeba mayai mdomoni mpaka watoto waanze kuogelea wenyewe. Hawa wanaruka sana, usiwafuge bila mfuniko. Kila baada ya wiki nabadilisha sehemu ya maji, na yanayopungua kwa joto naongeza ya bomba bila kuweka yale madini, kwa sababu yanayopaa ni maji, madini yanabaki, hiyo ni tabia niliyobeba kutoka baharini na inafanya kazi hapa vile vile.

Umeme ukikatika naweka pampu ndogo ya hewa ya betri nalala. Nikisafiri wiki, mpwa wangu anawapa chakula kidogo mara moja kwa siku na zaidi ya hapo hagusi kitu.

Huyo mpwa kila siku ananiomba frontosa, ameshaona picha za wale wenye kinundu kichwani na mistari saba. Nimemkatalia na nitaendelea kumkatalia kwa tangi hili. Frontosa anapita sentimita 30, anaishi miaka mingi, anataka kundi, na huko ziwani moja ya vyakula vyake ni Cyprichromis, anawavizia alfajiri mwanga ukiwa mdogo wakiwa bado wamezubaa. Kuwaweka pamoja ni kumwekea chakula mezani. Na yule mweusi wa Jakobsen anayekwangua mwani, Tropheus, naye anataka kundi kubwa la peke yake na chakula cha majani tupu, ukimpa minyoo na nyama tumbo linamvimba anakufa. Kila mmoja wao anastahili nyumba yake. Kwa hiyo frontosa watasubiri tangi la futi nane, kioo cha milimita 15, na stendi ya chuma, vipimo nimeshampa fundi vioo wa Kariakoo apige hesabu, na safari hii linaanza moja kwa moja kama ziwa.